Ndanda ilikosa mtani

Ndanda FC ya Mtwara na Namungo FC ya Ruangwa zilikaa pamoja Ligi Kuu kwa msimu mmoja tu, ule wa 2019/20. Ndanda ilikuwa humo tangu 2014. Namungo ndiyo kwanza imepanda. Ligi ilipokwisha Julai 2020, Namungo ilikuwa ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, na siku chache baadaye ikacheza na Simba fainali ya Kombe la Shirikisho pale Sumbawanga, ikafungwa 2-1. Ndanda ilishuka daraja, na mpaka naandika haya haijarudi.

Wiki hiyohiyo Masasi ilikuwa msibani. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alifariki Julai 24, akazikwa kijijini kwao Lupaso Julai 29, na Uwanja wa Taifa ulioanza kujengwa enzi zake ukapewa jina lake. Jina la mtoto wa Masasi likapanda juu ya uwanja wa watu 60,000 siku zilezile ambazo timu iliyobeba jina la Ndanda ilikuwa inafungasha vyake kutoka Ligi Kuu. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sababu za kushuka kwetu nimezisikia nyingi. Fedha hazikuwepo, safari ni ndefu, makocha walibadilishwa, waamuzi hawakututendea haki. Kila moja ina ukweli wake. Ila mimi, shabiki wa Wana Kuchele na mzaliwa wa Chilangala, nina yangu: Ndanda ilishuka kwa kuwa haikuwa na mtani. Ilikuwa timu ya mkoa mzima, na timu ya mkoa mzima ikifungwa hakuna jirani wa kukucheka asubuhi. Jina lake ni la Ndanda, Masasi, lakini uwanja wake wa nyumbani, Nangwanda Sijaona, uko Mtwara mjini, zaidi ya kilomita mia kutoka Ndanda yenyewe. Mtu wa Newala aliipenda kwa heshima. Heshima haijazi uwanja, wala haimfanyi kijana wa miaka 16 akeshe akiiwaza jezi.

Mapenzi yenyewe tunayo tele, ila tumeyapeleka Kariakoo. Nilikuwa Newala mjini Machi 8, 2025, siku iliyopangwa dabi ya Yanga na Simba. Tangu saa tano asubuhi bodaboda zilikuwa zinashusha vijana kutoka Chilangala, Kitangari na Mnyambe, wawili wawili na watatu watatu, jezi zimefuliwa na kunyooshwa. Kwenye kibanda umiza nilichoingia, mwenye kibanda alikuwa ametenganisha mabenchi kwa kamba ya katani, Simba kushoto, Yanga kulia, ili watu wasishikane mashati. Habari zikaja kwamba mechi imeahirishwa. Hakuna aliyeinuka. Watu walikaa palepale hadi jua likazama, wakibishana kuhusu mechi ambayo haikuchezwa. Niliwauliza waliokuwa benchi langu kama kuna aliyewahi kuiona Ndanda ikicheza Nangwanda Sijaona. Walitazamana. Mmoja akasema kaka yake aliwahi.

Simwombi mtu yeyote avue jezi. Mimi mwenyewe ni Yanga, na mwaka 2023 tulipowafunga USM Alger 1-0 kwao Algiers tukakosa Kombe la Shirikisho la Afrika kwa bao la ugenini, sikuongea na mtu siku nzima. Lakini tukumbuke upinzani ule ulianzaje. Yanga ilianzishwa 1935, na mwaka uliofuata wenzao wakajitenga wakaanzisha timu ambayo leo ni Simba. Waliogombana walikuwa watu wa mitaa ileile ya Kariakoo. Walifahamiana kwa majina, walikutana sokoni na msikitini, walizikana. Upinzani wao ulitokana na ujirani, na nguvu yake yote imetoka hapo. Sisi wa kusini tumeupokea kwa dishi ukiwa umeshaiva, kutoka mji ulio zaidi ya kilomita 550 na Mtwara, tukadhani hiyo ndiyo namna pekee ya kupenda mpira.

Sasa nije kwenye kujenga timu. Mwaka juzi kijijini kwetu palikuwa na kombe la mbuzi, kama kawaida baada ya korosho kuuzwa na watu wakiwa na vijisenti. Fainali ilikuwa sisi na kijiji cha jirani. Uwanja ni mchanga mtupu, na upande mmoja mstari wa pembeni unafuata mikorosho, kwa hiyo winga akizubaa anajikuta amekumbatia tawi. Jirani zetu walileta mamluki wanne kutoka mjini. Walifika kwa pikipiki mechi ikikaribia kuanza, soksi zimevutwa hadi magotini, njumu zao zinang'aa. Mtangazaji hakuyajua majina yao, akawa anawaita kwa namba za mgongoni. Winga wao, namba saba, alikuwa na kasi ambayo pale kwetu haijawahi kuonekana.

Tuliyemweka kumkaba alikuwa mtoto wa kidato cha pili, anacheza peku. Kipindi cha kwanza aliachwa mara tatu na watu wakapiga kelele atolewe. Hakutolewa, maana hatukuwa na mwingine. Kipindi cha pili akaacha kuukimbilia mpira, akawa anarudi nyuma hatua mbili, anamsukumia yule winga kwenye mikorosho, anamsubiri huko. Namba saba hakupiga krosi nyingine. Tulifungwa hata hivyo, kwa kona. Mbuzi alichinjwa usiku uleule, mamluki wakapewa nauli na paja moja, wakaondoka. Mwaka uliofuata kijiji cha jirani kilikosa fedha za mamluki na hakikuingiza timu. Sisi tulikuwa na beki wa kushoto.

Timu zetu za mikoani zinasajili kwa mtindo wa kile kijiji cha jirani. Dirisha likifunguliwa wanakuja wachezaji kwa mkataba wa msimu mmoja, wengine wa mkopo kutoka klabu kubwa. Wanapangiwa nyumba, wanacheza miezi minane, wanaondoka. Dirisha dogo linaondoa wawili waliokuwa wameanza kuelewana. Kocha mpya anakuja na watu wake. Baada ya misimu mitano ukiuliza timu imejenga nini, unaonyeshwa jezi. Viongozi siwalaumu sana, kwa sababu anayeogopa kushuka mwezi wa tano hawezi kufikiria mtoto wa kidato cha pili. Lakini mpango wa namna hiyo unaishia pale ulipoishia wa Ndanda.

Wako waliofanya vinginevyo, tena bila utajiri. Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda daraja ikachukua ubingwa wa nchi mwaka 1986, msimu wake wa kwanza. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari huko Turiani, ilichukua ubingwa 1999 na 2000, na kwa miaka mingi imekuwa shule ya vijana ambao klabu za Dar es Salaam huja kuwavuna. Mbeya City, iliyopanda msimu wa 2013/14, inanifundisha zaidi. Ilikuwa timu ya halmashauri ya jiji, haikuwa na majina makubwa, kocha wake akiwa Juma Mwambusi, na ikamaliza ya tatu. Watu husimulia kasi ya vijana wale na mashabiki waliovaa zambarau wakiifuata timu kila mkoa. Mimi naongeza kitu kimoja ambacho hakisemwi sana. Kwenye uwanja uleule wa Sokoine kulikuwa na Tanzania Prisons. Mbeya City ilizaliwa ikamkuta mtani mlangoni, kwa hiyo mtu wa Mbeya alilazimika kuchagua, na aliyechagua alijaza uwanja. Mwaka 2015 Yanga ilimchukua Mwambusi kuwa kocha msaidizi, ikamchukua na Deus Kaseke. Ndivyo soka la nchi hii linavyokwenda, na litaendelea kwenda hivyo. Anayejenga timu Mtwara ajue mapema kwamba wachezaji wake wazuri wataondoka.

Kwa hiyo swali ni hili: kitu gani hakiondoki?

Naomba msomaji wa soka anivumilie niingie kidogo kwenye kikapu, maana huko ndiko nilikoliona jibu. Machi 12, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, Chuo Kikuu cha Connecticut kilicheza na Syracuse. Upande wa Connecticut alikuwepo Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam aliyepitia Makongo Sekondari, urefu wake mita 2.21. Dakika za kawaida ziliisha wakiwa sare. Wakaongezewa dakika tano, sare. Wakaongezewa tena, na tena, hadi mara ya sita. Mechi iliyoanza usiku wa tarehe 12 iliisha tarehe 13, saa saba usiku imeshapita, Syracuse wakashinda 127-117. Ukumbi ulikuwa bado umejaa. Miezi mitatu baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa NBA, akaenda Memphis Grizzlies.

Wale waliokesha hawakuja kuangalia wachezaji wa kulipwa. Walikuja kuangalia wanafunzi, na wengi wa wanafunzi hao baada ya mwaka mmoja, miwili, mitatu, wangekuwa wameshaondoka. Chuo cha Marekani hakina namna ya kumzuia mchezaji asihitimu au asiende NBA. Kila msimu kinapoteza watu wake, tena walio bora ndio wanaotangulia. Bado vyuo vya Duke na North Carolina, vilivyo umbali wa kama kilomita 16 tu kati yao, vimekuwa vikigombana kwa miongo mingi. Wanafunzi wa Duke hulala kwenye mahema nje ya ukumbi kwa wiki kadhaa wakisubiri mechi moja. Mwaka 2022 vyuo hivyo vilikutana kwa mara ya kwanza katika mashindano ya taifa, kwenye nusu fainali, North Carolina wakashinda 81-77, na hiyo ikawa mechi ya mwisho ya kocha Mike Krzyzewski wa Duke baada ya miaka 42 ya kazi chuoni hapo. Hakuna mchezaji aliyekuwepo uwanjani siku hiyo aliyekuwa amezaliwa wakati kocha huyo anaanza kazi Duke. Upinzani uliwakuta, ukawatengeneza, ukabaki baada yao.

Jibu langu ni hilo. Mchezaji anaondoka, kocha anaondoka, mfadhili naye anaondoka, tena huyo haagi. Mtani anabaki. Ukitaka kujenga kitu kusini ambacho Dar es Salaam haiwezi kukisajili, jenga upinzani wa watu wanaojuana.

Hispania wapo wanaoishi kwa kanuni hii. Athletic Bilbao inachezesha wachezaji wenye asili ya Basque peke yao, au waliolelewa kisoka huko, na katika historia yake yote haijawahi kushuka daraja. Klabu zinazoweza kusema hivyo Hispania ni tatu tu, nyingine zikiwa Real Madrid na Barcelona. Mtani wao ni Real Sociedad, Wabasque wenzao, mwendo wa kama kilomita mia moja. Watoto wa huko hawalazimiki kutazama Madrid ili wapate mtu wa kumchukia kwa siku moja.

Kwetu malighafi ipo, na ni ya zamani kuliko Simba na Yanga. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 na Newala muda mfupi baadaye. Vijana wa huku walipelekwa kusoma Kiungani, Unguja, na ni shule hiyo ambayo wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa wa kwanza kucheza mpira wa miguu katika pwani hii. Wabenediktini wakaja baadaye, wakajenga misheni ya Ndanda mwaka 1906. Ndiyo maana leo wilaya ya Masasi ina Chidya, iliyoanzishwa na Waanglikana, na Ndanda, iliyoanzishwa na Wakatoliki, shule mbili kongwe zenye wahitimu kila pembe ya nchi. Pita ofisi yoyote kubwa Dodoma utamkuta mtu wa Ndanda au wa Chidya, na akimjua mwenzake ni wa upande wa pili, kazi husimama kidogo. Utani huo upo tayari, unaishi midomoni mwa watu wazima. Uwanjani hatujaupeleka kwa utaratibu unaoeleweka.

Tuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, najua. Fainali za taifa zilifanyika Mtwara mwaka 2019 na tena 2021, na nilifurahi kuona mkoa wetu ukipokea watoto wa nchi nzima. Lakini UMISSETA inachukua kombaini. Shule zinacheza mechi za haraka, wilaya inachagua, mkoa unachagua, na mtoto anavaa jezi ya mkoa ambayo hakuna anayemtania kwayo. Tusisahau pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa kwa hoja kwamba inawapotezea watoto muda wa masomo. Ilirudishwa, lakini mazoea yakikatika hayarudi kwa waraka. Viwanja vingine vilishalimwa mihogo.

Ninachopendekeza ni kidogo. Iwepo Siku ya Ndanda na Chidya kila mwaka, tarehe isiyobadilika, mwaka huu Ndanda, mwakani Chidya. Soka kwanza, kikapu baadaye. Wasichana wa Ndwika na Masasi Girls wacheze netiboli siku hiyohiyo, na isiwe mechi ya utangulizi watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Vyuo vya ualimu navyo viingie: Kitangari cha Newala na Nachingwea cha Lindi vikutane kwenye kikapu kila mwaka. Mwalimu aliyepitia upinzani wa namna hiyo akipangiwa shule ya kijijini atasimika nguzo mbili na ubao mwenyewe. Uwanja wa kikapu ni sakafu ya saruji na nguzo mbili. Hauhitaji nyasi, na kwenye nyanda hizi za Makonde, ambako maji yanavutwa kwa pampu kutoka bondeni, uwanja usiohitaji kumwagiliwa ni jambo la kufikiriwa kwa uzito.

Matokeo yaandikwe ubaoni shuleni, mwaka kwa mwaka, na majina ya wafungaji. Mtoto aingie kidato cha kwanza asome kwamba walifungwa na wale mwaka ambao yeye hajazaliwa, na alichukulie kuwa deni lake.

Fedha? Hapa wakulima watanuna, kwa hiyo niseme taratibu. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani laki tatu za korosho, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu. Tuchukue tani laki moja tu: hizo ni kilo milioni mia moja. Shilingi moja kwa kilo ni shilingi milioni mia moja. Makato ya mkulima yameshakuwa mengi na sitaki kuongeza hata senti. Shilingi hiyo itoke kwa mnunuzi anayekuja mnadani, ijadiliwe waziwazi kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), ilindwe na vyama vikuu vya MAMCU na TANECU kwa hesabu inayobandikwa ukutani. Isiende kusajili mamluki. Iende kwenye mipira, sakafu za kikapu, posho ya kocha mmoja kila tarafa, na nauli za watoto.

Wengine watasema umbali ni kikwazo. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na kipande cha kwanza hadi Mnivata kimeshawekwa lami, kilichobaki kinajengwa. Itakapokamilika, timu ya Newala itaamka kwake, icheze Masasi, irudi ilale kwake. Miaka hiyo ya Ndanda FC hatukuwa nayo. Tukijenga barabara bila kuwa na kitu cha kuiendea, itabeba korosho kwenda na makreti ya soda kurudi.

Namungo wametangulia. Mwaka 2021 walicheza makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakakutana na Raja Casablanca na Pyramids. Walipoteza mechi zote za kundi, lakini Ruangwa ilitajwa Casablanca na Cairo. Uwanja wao uko mjini kwao, mtu anakwenda kwa miguu. Hao ndio watani wetu halali, na walitusubiri msimu mmoja tu kabla hatujawakimbia. Ndanda ikirudi, irudi ikiwa na kikosi ambacho nusu yake ni watoto waliowahi kufungwa na Chidya au kuifunga, waliokulia kwenye mchanga wetu. Hapo mechi na Namungo haitahitaji tangazo la redio.

Wakuu wa shule za Ndanda na Chidya, maofisa michezo wa Masasi na Newala, kaeni mpange Jumamosi moja kabla korosho hazijaanza kuanguka. Ubao wa matokeo wahitimu wenu watauchangia wenyewe, waulizeni. Sisi wa Chilangala tutakuja, na nauli tutajilipia.